Ulaya: Ruzuku yabaki, wakulima wadogo waondoka

WAKULIMA wengi wakisikia habari za ruzuku wanazolipwa wenzao wa Ulaya, hudhani kwamba huko kila mwenye shamba ameneemeka. Takwimu zinaeleza vingine.

Mwaka 2005, nchi 27 ambazo leo zinaunda Umoja wa Ulaya zilikuwa na mashamba yapatayo milioni 14.4. Sensa ya kilimo ya mwaka 2020 ilikuta yamebaki milioni 9.1. Katika miaka 15 yametoweka zaidi ya mashamba milioni 5, mengi yakiwa ya chini ya hekta 5.

Ardhi yenyewe haikutoweka. Eneo linalolimwa lilipungua kidogo tu, kwani shamba la anayeacha kilimo hununuliwa au kukodiwa na jirani mwenye shamba kubwa zaidi.

Chanzo si kimoja. Vijana wengi walikwenda kutafuta kazi mijini, hasa wale wa nchi za mashariki zilizojiunga na Umoja huo mwaka 2004 na 2007. Lakini lipo pia suala la namna ruzuku inavyogawanywa.

Sera ya Pamoja ya Kilimo ilianza mwaka 1962, wakati Ulaya bado inakumbuka njaa ya vita. Mkulima alihakikishiwa bei. Soko likizorota, mazao yake yalinunuliwa na kuwekwa katika maghala ya umma. Miaka ya 1980 maghala hayo yakafurika siagi na maziwa ya unga, na mwaka 1984 ikabidi kila nchi iwekewe kikomo cha maziwa. Mageuzi ya mwaka 1992 yalipunguza bei hizo na kuanza kumlipa mkulima moja kwa moja. Leo sehemu kubwa ya malipo hayo huhesabiwa kwa hekta.

Hapo ndipo penye tatizo. Tuseme malipo ni euro 200 kwa hekta. Mwenye hekta 3 atapata euro 600, ambazo huenda zisitoshe hata kutengeneza trekta bovu. Mwenye hekta 500 atapata euro 100,000, na kwa fedha hizo anaweza kukodi shamba la yule wa kwanza. Kwa jumla, takriban asilimia 80 ya malipo ya moja kwa moja huenda kwa asilimia 20 ya wanaolipwa.

Tangu mwaka 2023 nchi wanachama zinatakiwa kutenga angalau asilimia 10 ya malipo hayo kwa ajili ya mashamba madogo na ya kati, na asilimia 3 kwa vijana. Hiyo asilimia 3 ni ndogo mno. Sensa ya 2020 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wasimamizi wa mashamba walikuwa na miaka 55 au zaidi, na walio chini ya miaka 40 walikuwa kama 12 tu katika kila 100.

Penye nafuu, mara nyingi haikuletwa na ruzuku peke yake. Kaskazini mwa Italia, wafugaji wa Parma, Reggio Emilia, Modena na maeneo ya jirani hupeleka maziwa kwenye viwanda vidogo, vingi vikiwa vya ushirika, vinavyotengeneza jibini la Parmigiano Reggiano. Tangu mwaka 1996 jina hilo linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, na asiye wa eneo hilo haruhusiwi kulitumia.

Masharti yake ni magumu. Ng'ombe hawalishwi majani yaliyovundikwa, na jibini, kila moja kilo 40 hivi, lazima likae ghalani angalau miezi 12. Mtaji unalala muda wote huo, ila ipo benki ya huko inayopokea jibini lenyewe kama dhamana ya mkopo na kulitunza katika maghala yake.

Bei ya maziwa yanayokwenda huko kwa kawaida huzidi ile ya maziwa ya kawaida. Hata hivyo, viwanda hivyo, ambavyo zamani vilikuwa vingi zaidi, sasa vimebaki takriban 300.