Sura ya Sita: Laana Hainunui Shamba

Ukitaja abasia za Uingereza, atatokea mtu akwambie kwamba Henry VIII aliwafukuza wamonaki kwa upanga, nao wakaiapiza ardhi hata kila aliyeinunua akafa bila mrithi. Ushahidi wanaoupenda ni Buckland, huko Devon. Basi tuipime kwa mambo matatu: ardhi, jengo na mwenye nyumba.

Ardhi kwanza. Buckland ilianzishwa mwaka 1278 na Amicia, mjane wa bwana mkuu wa Devon, kwa ajili ya Wasitoo, wamonaki wa urekebisho wa Citeaux. Kanuni yao iliwataka wakae mbali na miji na wale jasho lao, kwa hiyo walilima, wakafuga na kujenga ghala kubwa ambalo bado limesimama. Anayedhani shamba lilianza walipoondoka wamonaki amesoma historia kinyumenyume. Mwaka 1539 abasia ilikabidhiwa kwa mfalme, kama nyingine nyingi, kwa hati na pensheni. Miaka miwili baadaye iliuzwa kwa ukoo wa Grenville. Mfalme alihitaji fedha, na shamba lilikuwa tayari linazalisha.

Jengo. Wanunuzi wengi walibomoa kanisa, wakauza mawe, wakahamia majengo ya pembeni. Richard Grenville alifanya kinyume: alihamia ndani ya kanisa lenyewe, akalitandika sakafu za ghorofa na kuuacha mnara juu. Ukutani mwa mnara huo bado kuna alama ya paa la ubawa uliobomolewa.

Mwenye nyumba ni Francis Drake, aliyeinunua baada ya kuizunguka dunia na kurudi mwaka 1580 na fedha alizowapora Wahispania. Hapo ndipo watu wanapoleta hadithi nyingine, ya ngoma yake. Wanasema hulia yenyewe Uingereza inapokabiliwa na hatari. Hata mwaka 1918, Wajerumani waliposalimisha manowari zao, ilidaiwa kusikika. Ajabu ya ngoma hiyo ni kwamba Drake alifariki mwaka 1596, ilhali hadithi ya kuiokoa nchi ilivuma kutokana na shairi la Henry Newbolt, miaka 300 baadaye. Masimulizi ya zamani zaidi yana Drake anayefufuka ngoma ikipigwa, tena kwa ajili ya karamu. Mzimu wa karamu umepandishwa cheo ukawa mlinzi wa taifa, na wasomi wazima wananiuliza kama ngoma ililia mwaka 1940! Ngoma hulia ikiwa na mpigaji. Hii ilipigwa na washairi na magazeti.

Na laana? Ni kweli, Drake hakuacha mtoto. Nyumba ilikwenda kwa mdogo wake, Thomas, na uzao wake ukaishikilia hadi karne ya 20. Zaidi ya miaka 300 ya urithi: laana ya namna hiyo kila mwenye shamba angeiombea dua.