Kunyamazisha jeni: Mbinu ya maabara na tumaini la wafugaji wa Tana

Na MWANDISHI WETU

MTO Tana unapovunja kingo zake, wakazi wa Kau hupokea baraka na balaa kwa pamoja. Maji yaleyale yanayorutubisha mashamba ya mpunga kando ya mto Ozi, si mbali na Kipini ambako mto huo huingia katika Bahari ya Hindi, ndiyo yanayoangua mayai ya mbu yaliyolala ardhini tangu mafuriko yaliyopita. Baadhi ya mayai hayo huwa tayari yamebeba virusi vya homa ya Bonde la Ufa.

Mvua kubwa iliponyesha mwishoni mwa mwaka 2006, ugonjwa huo ulizuka Garissa na kusambaa hadi Tana River, Kilifi na sehemu nyingine za nchi. Kufikia Machi 2007, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu 684 walikuwa wameugua nchini Kenya na 234 kati yao wakafariki. Biashara ya mifugo ilipigwa marufuku katika maeneo yaliyoathirika, na familia zilizotegemea ng'ombe, mbuzi na kondoo zikabaki mikono mitupu.

Ugonjwa huu ulitambuliwa humu humu nchini mwaka 1931, katika shamba la kondoo karibu na Naivasha. Hata hivyo, hadi leo hakuna dawa mahususi ya kuutibu, na wahudumu wa afya hukabiliana na dalili zake tu. Ndiyo maana wanasayansi wamegeukia mbinu ya kunyamazisha jeni kwa kutumia vipande vidogo vya RNA, ambavyo kwa ufupi huitwa siRNA.

Mbinu hiyo hufanya kazi vipi? Imefikia wapi? Na je, mfugaji wa Kau anaweza kuitegemea?

AGIZO LINALOKATIZWA NJIANI

Kila seli ya kiumbe ina jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyohifadhiwa katika DNA. Jeni haitendi kazi yake moja kwa moja. Seli hulinakili agizo hilo katika umbo la RNA, kisha nakala hupelekwa mahali ambapo protini huundwa. Protini nazo ndizo hujenga mwili na kuuendesha.

Tuchukue mfano wa chifu na mjumbe wake. Kitabu cha sheria kimefungiwa ofisini, na kinachofika kijijini ni barua tu. Mtu akiichana barua hiyo njiani, amri haitatekelezwa ingawa kitabu hakijaguswa. Hivyo ndivyo zinavyofanya siRNA. Haziiondoi jeni wala haziibadilishi, bali huiharibu barua yake. Kwa sababu hiyo, athari yake hupungua kadiri muda unavyopita. Pindi siRNA zinapokwisha, barua mpya hufika na jeni ikasikika tena.

Kipande kimoja cha siRNA kina nyuzi mbili, kila uzi ukiwa na herufi za kikemia zipatazo 21. Kikishaingia ndani ya seli, hupokewa na kundi la protini ambalo hutupa uzi mmoja na kuubakisha wa pili uwe kielelezo. Kundi hilo huulinganisha uzi huo na barua za RNA zinazopita. Likikuta barua ambayo herufi zake zinaoana na za kielelezo, huikata vipande.

Uwezo wa mbinu hii umo katika kuoana huko. Mtafiti anayejua herufi za jeni fulani anaweza kuunda siRNA ya kuinyamazisha, iwe ni jeni ya binadamu, ya mmea au ya virusi.

Andrew Fire na Craig Mello wa Marekani waliueleza mfumo huu mwaka 1998 baada ya kuuchunguza katika mnyoo mdogo mno, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2006. Lakini katika seli za binadamu palikuwa na kizuizi. RNA ndefu yenye nyuzi mbili huzifanya seli hizo zidhani zimevamiwa na virusi, zikasitisha karibu shughuli zote. Mwaka 2001, kundi la Thomas Tuschl nchini Ujerumani lilionyesha kwamba vipande vifupi vya herufi 21 huweza kunyamazisha jeni iliyolengwa bila kuzusha taharuki hiyo.

KUMJUA ADUI

Kabla ya kuwa dawa, siRNA ni chombo cha uchunguzi. Ukitaka kujua kazi ya jeni fulani, inyamazishe kisha utazame kinachoharibika.

Mwaka 2013, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kunyamazisha maelfu ya jeni za seli za nzi wa matunda, moja baada ya nyingine, kisha kuziambukiza seli hizo virusi. Walitaka kubaini ni jeni zipi huvizuia virusi vya jamii ya homa ya Bonde la Ufa. Waligundua kwamba virusi hivyo hushindana na seli kugombea kile ambacho wanasayansi hukiita kofia, yaani kipande kilicho mwanzoni mwa kila barua ya RNA. Virusi huiba kofia hizo ili kuzivika barua zao wenyewe. Seli inapowahi kuzivua kofia barua zake, virusi hupungukiwa.

Ajabu ni kwamba mbu naye hutumia siRNA kujikinga. Virusi vinapozaliana mwilini mwake, seli zake huikatakata RNA ya virusi hivyo, kisha vipande hutumika kuvidhibiti. Hii ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kueleza kwa nini mbu hubeba virusi bila kudhurika sana.

Binadamu na mifugo hutegemea zaidi kinga ya namna nyingine, hasa interferoni, ambazo ni protini zinazozitahadharisha seli jirani kwamba adui ameingia. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa vina hila ya kukabiliana nazo. Vina protini iitwayo NSs ambayo huizima tahadhari hiyo.

Protini hiyo ndiyo iliyolengwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, na wenzao. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2012, waliziwezesha seli zilizokuzwa maabara kujitengenezea RNA fupi za kuinyamazisha jeni ya NSs. Madhara ya protini hiyo yalipungua katika seli hizo.

Ikumbukwe kwamba hizo ni seli ndani ya chombo cha maabara. Bado safari ni ndefu hadi kumfikia mtu aliyelala kitandani.

TATIZO LA KUFIKISHA

Kikwazo kikubwa ni kuzifikisha siRNA zinakohitajika. Zikidungwa zilivyo, huvunjwa upesi katika damu au huchujwa na figo, na haziwezi kuupenya ukuta wa seli kwa urahisi.

Wataalamu wamefaulu zaidi katika ini. Dawa ya kwanza ya aina hii, patisiran, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Hufungashwa ndani ya chembe za mafuta na hutibu ugonjwa adimu wa kurithi unaoharibu neva. Baadaye ikaja inclisiran ya kupunguza lehemu, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2021. Hiyo huunganishwa na sukari maalumu ambayo seli za ini huitambua na kuipokea.

Hapa ndipo mkazi wa Tana ana sababu ya kutega sikio, kwani ini ni miongoni mwa viungo ambavyo homa ya Bonde la Ufa hushambulia zaidi. Njia ya kufika huko imeshafunguliwa.

Hata hivyo, kufika tu hakutoshi, kama Ebola ilivyodhihirisha. Mwaka 2010, jarida la Lancet lilichapisha utafiti ambapo nyani wanne waliopewa dozi saba za siRNA dhidi ya Ebola walinusurika wote. Nyani hao walianza kutibiwa dakika 30 tu baada ya kuambukizwa. Lakini dawa ya aina hiyo ilipojaribiwa Sierra Leone mwaka 2015 kwa wagonjwa waliokuwa tayari wamezidiwa, haikuonyesha kuwaokoa, na jaribio likasitishwa.

Homa ya Bonde la Ufa huanza kujitokeza kati ya siku mbili na sita baada ya maambukizi. Mchungaji aliyemchinja mnyama mgonjwa hawezi kufika hospitalini ndani ya nusu saa, kwa sababu wakati huo hata hajui kwamba ameambukizwa.

Gharama nayo ni mlima mwingine. Patisiran ilipoingia sokoni Marekani, bei yake ilitangazwa kuwa takriban dola 450,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka.

MUHOGO WATANGULIA

Katika Pwani ya Kenya, mbinu hii imefika shambani kabla ya kufika hospitalini. Muhogo hushambuliwa na virusi vinavyoleta ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha mizizi ilhali majani yanaweza kuonekana yana nafuu. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Ufugaji (KALRO) na washirika wake wamefanyia majaribio, pakiwemo Mtwapa, muhogo uliobadilishwa vinasaba ili ujitengenezee siRNA dhidi ya virusi hivyo. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia iliuidhinisha mwezi Juni 2021, ingawa mjadala kuhusu mazao ya aina hiyo umeendelea nchini.

Muhogo umetangulia kwa sababu haudungwi sindano. Mmea wenyewe ndio kiwanda cha dawa, na dawa huwa ndani yake kabla adui hajaingia.

KINGA ILIYOPO

Funzo la Ebola na la muhogo ni moja, kwamba siRNA hufanya kazi vyema zinapowahi. Na mpaka sayansi ipate njia ya kumwahi mgonjwa wa homa ya Bonde la Ufa, kinga iliyopo ni ya kuwahi vilevile.

Chanjo ya mifugo ipo, na hutengenezwa hapa nchini. WHO inashauri itolewe kabla ya mlipuko. Ugonjwa ukishaingia zizini, sindano inayotoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine inaweza kuusambaza zaidi. Isitoshe, chanjo ya zamani yenye virusi hai vilivyopunguzwa makali huweza kumfanya mnyama mwenye mimba aiharibu.

Watu wengi huambukizwa kwa kugusa damu, nyama mbichi au mimba iliyoharibika ya mnyama mgonjwa. Mimba zikianza kuharibika kwa wingi katika kundi baada ya mafuriko, hiyo ni ishara ya kumwita afisa wa mifugo, wala si ya kuwahi kuchinja ili kuokoa nyama. Maziwa yachemshwe, nyama ipikwe ikaiva, na atakayelazimika kumgusa mnyama mgonjwa avae glavu. Chandarua nacho ni kinga, kwani mbu pia huambukiza.

Siku moja huenda daktari akaidunga sindano ya herufi 21 na kuizima hila ya virusi hivi ndani ya ini. Kabla ya siku hiyo, mfugaji anayechanja kundi lake wakati ardhi ingali kavu amekwisha kuikatiza safari ya virusi mahali ambapo maabara bado haijafika.