Rwanda: Haki ya Aliyetendewa Uhalifu

Mhalifu anapokamatwa, vyombo vya dola humshughulikia kwa utaratibu unaofahamika: hulindwa, hulishwa, na hufikishwa mahakamani. Lakini yule aliyetendewa uhalifu, mara nyingi, huachwa atafute njia yake mwenyewe. Hutoka kituo cha polisi kwenda hospitali, akarudishwa tena kituoni, na kila aendako hutakiwa kusimulia upya masaibu yaliyompata. Wengi huchoka, na kesi hufutwa kwa kukosa shahidi.

Nchi jirani ya Rwanda iliamua kuiondoa kasoro hiyo. Mwaka 2009, katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, mjini Kigali, kilifunguliwa kituo kiitwacho Isange, yaani "jisikie uko nyumbani". Humo daktari, mpelelezi, mshauri nasaha na mtaalamu wa sheria hufanya kazi chini ya paa moja. Waliobakwa, watoto waliodhulumiwa na wanaopigwa majumbani huhudumiwa bila malipo. Vituo vya aina hiyo vimekwisha kuzidi 40, katika hospitali mbalimbali za nchi hiyo.

Utaratibu huu haukuwekwa kwa ajili ya huruma peke yake. Dawa ya kumkinga aliyebakwa asipate virusi vya UKIMWI hapana budi ianze kutumiwa kabla ya saa 72 kupita. Ushahidi ulioko mwilini na katika nguo nao hupotea kwa kuoga na kufua. Kwa hiyo saa zile zile zinazookoa maisha ndizo zinazookoa kesi. Askari anayemzungusha mdhulumiwa humsaidia mhalifu, hata kama hakukusudia.

Jambo hili linaafikiana na azimio la Umoja wa Mataifa la tarehe 29 Novemba, 1985, linalotaka mdhulumiwa aheshimiwe, aarifiwe hatua za kesi yake, asaidiwe, na alipwe fidia. Hilo la fidia bado ni gumu, kwani amri ya kulipa, inapomwangukia mtu asiye na mali, hubaki karatasi tupu.

Askari, awe wa polisi au wa jeshi, akiwa wa kwanza kufika penye tukio, yampasa kwanza kumweka mdhulumiwa mahali pa salama, asimwulize maswali ya kumlaumu, na amfikishe hospitali bila kuchelewa. Mwananchi aliyesitiriwa hivyo hatasita kusimama kizimbani kutoa ushahidi. Na bila ushahidi wake, pingu hufunguliwa.