Viza ya Schengen kwa Msafiri wa Riruta

Mkazi wa Riruta, mtaa wa Nairobi, anayetaka kumtembelea nduguye Hamburg, kuhudhuria mkutano Paris au kuonyesha vinyago vyake kwenye maonyesho ya biashara Milan huomba viza ya aina moja, yaani viza ya Schengen ya muda mfupi. Schengen ni kijiji cha Luxembourg. Hapo, tarehe 14 Juni 1985, Ubelgiji, Ufaransa, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani Magharibi zilitia saini mkataba wa kuondoa ukaguzi kwenye mipaka baina yao. Utekelezaji ulianza Machi 1995. Leo eneo hilo lina nchi 29, baada ya Croatia kuingia mwaka 2023 na Bulgaria na Romania kukamilisha uanachama wao Januari 2025. Norway, Iceland, Uswisi na Liechtenstein zimo ingawa haziko katika Umoja wa Ulaya. Uingereza, Ireland na Cyprus hazimo, na kila moja ina viza yake.

Kwa kawaida viza hii humruhusu msafiri kutembea katika nchi zote 29 kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180. Hesabu hufanywa kwa kurudi nyuma siku 180 kutoka siku yoyote ambayo msafiri yumo Ulaya. Aliyekaa siku 60 kuanzia tarehe 1 Februari amebakiwa na siku 30 tu hadi mwishoni mwa Julai, ndipo siku za Februari zinapoanza kutoka katika hesabu. Idadi ya siku iliyoandikwa kwenye viza yenyewe yaweza kuwa ndogo zaidi, na hiyo ndiyo ya kufuatwa.

Ubalozi, muda na ada

Maombi hupelekwa kwa nchi ambayo msafiri atakaa siku nyingi zaidi. Mwenye siku saba Uholanzi na tatu Ubelgiji huomba kwa Uholanzi, hata kama ndege yake itatua Brussels. Siku zikilingana, huomba kwa nchi atakayoingia kwanza.

Nchi nyingi za Schengen zina balozi zao Nairobi. Wa Ujerumani, kwa mfano, uko Riverside Drive. Baadhi ya balozi zimekabidhi kazi ya kupokea karatasi na alama za vidole kwa kampuni kama VFS Global. Kampuni hizo hukusanya maombi tu. Wa kukubali au kukataa ni ubalozi.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Jibu hutarajiwa ndani ya siku 15, lakini ubalozi ukihitaji uchunguzi zaidi siku hizo zaweza kufika 45. Anayetaka kusafiri wakati wa kiangazi cha Ulaya, Juni hadi Agosti, afaa kutafuta miadi mapema, kwa kuwa nafasi hujaa.

Tangu 11 Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Kampuni inayopokea maombi hutoza ada yake juu ya hiyo. Viza ikikataliwa, fedha hazirudi.

Karatasi za lazima

Pasipoti, ambayo Mkenya huiomba kupitia eCitizen na kuhudumiwa Nyayo House au ofisi nyingine za Uhamiaji, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya safari nayo igharamie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani kwa kiasi kisichopungua euro 30,000, katika nchi zote za Schengen. Huongezwa fomu, picha, mpango wa safari na uthibitisho wa malazi. Kwa tiketi, nafasi iliyoshikwa kwa kawaida inatosha; si busara kulipia tiketi isiyorudishwa fedha kabla ya viza kutoka.

Maswali matatu ya ubalozi

Karatasi nyingine zote hujibu maswali matatu: mtu anakwenda kufanya nini, nani atalipa, na kitu gani kitamrudisha nyumbani.

Swali la kwanza hujibiwa kwa barua ya mwaliko, usajili wa mkutano au ratiba ya matembezi. Tarehe za barua, hoteli, bima na likizo ya kazini lazima zipatane.

La pili ndilo huwatia hofu wengi. Sehemu kubwa ya wakazi wa Riruta, kuanzia wenye maduka kando ya Naivasha Road hadi mafundi wa gereji na wasusi, hawana hati ya mshahara. Hilo pekee halimnyimi mtu viza. Ubalozi hutaka kuona fedha zikiingia na kutoka kwa mwendo wa kawaida, kwenye taarifa za benki za miezi mitatu au zaidi. Taarifa za M-PESA, akiba ya SACCO, leseni ya biashara ya Kaunti ya Nairobi na risiti za kodi za KRA husaidia kueleza chanzo chake. Kinachoharibu ni fedha nyingi zilizokopwa na kuingizwa kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi. Fedha zilizoingia kwa sababu halali, kama mauzo ya gari, ziambatanishwe na hati zake. Mwenyeji aliye Ujerumani anaweza kubeba gharama kwa kutia saini hati rasmi ya ahadi mbele ya mamlaka ya huko.

Swali la tatu hujibiwa kwa barua ya mwajiri, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya shamba au mkataba wa kukodi duka. Kijana asiye na mali aonyeshe masomo au kazi inayomngoja.

Viza ikikataliwa

Mwombaji hupewa fomu yenye sababu. Anaweza kukata rufaa kwa sheria za nchi husika, au kuomba upya baada ya kurekebisha kasoro iliyotajwa. Karatasi za kughushi hazina tiba ya namna hiyo: maombi na matokeo yake huhifadhiwa kwenye mfumo unaosomwa na nchi zote za Schengen. Kinyume chake, anayetumia viza zake vizuri hupata za muda mrefu zaidi, kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, zenye ruhusa ya kuingia mara nyingi.

Kazi na madalali

Viza ya muda mfupi kwa kawaida haitoi ruhusa ya kazi. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji Berlin tarehe 13 Septemba 2024, na uvumi ukaenea kwamba kuna nafasi 250,000 za kazi. Serikali ya Ujerumani iliukanusha. Mtafuta kazi bado huhitaji viza ya kitaifa ya Ujerumani, si ya Schengen, ujuzi unaotambuliwa na, kwa kazi nyingi, lugha ya Kijerumani, ambayo Goethe-Institut iliyo katikati ya Nairobi huifundisha na kuitahini. Dalali anayeahidi viza ya uhakika kwa malipo anauza kitu asichokuwa nacho.

Mpakani

Viza haimalizi ukaguzi. Afisa wa mpakani anaweza kuuliza tena kuhusu malazi, fedha na tiketi ya kurudi, kwa hiyo nakala za karatasi zibebwe kwenye mkoba wa mkononi. Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaorekodi kuingia na kutoka kwa wageni. Anayepitiliza siku zake huonekana humo, na huenda akatozwa faini, akafukuzwa au akapigwa marufuku kurudi.