Ganda la Muwa

Juma lililopita nilikuwa nyumbani Butiama kumjulia hali shangazi. Jioni tulikaa nje tukitafuna miwa, kila mmoja akimenya ganda na kulitupa kando. Tulipomaliza, shangazi akamwagiza mtoto afagie zile taka akazitupe shimoni. Utamu tumekwisha kuupata, ganda la nini tena?

Hapo nikamkumbuka mchongaji mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa letu, Leilah Babirye. Alizaliwa Kampala mwaka 1985, akasomea sanaa Chuo Kikuu cha Makerere. Yeye ni mwanamke anayependa wanawake. Amewahi kueleza kwamba kwao watu wa namna yake hutukanwa kwa neno la Kiganda, ebisiyaga, na kwamba neno hilo ni ganda la muwa, yaani ile sehemu inayotupwa. Kwa lugha nyepesi: wewe ni taka.

Babirye alijibu kwa kazi ya mikono. Kama mtu ni taka, basi na tuone taka inaweza kuwa nini. Huokota minyororo ya baiskeli, tyubu zilizochakaa, misumari na vyuma vilivyotupwa. Huchonga gogo likawa uso, hulichoma moto mpaka liwe jeusi, hulipaka nta ling'ae, kisha hulivisha vile alivyookota: tyubu huwa nywele zilizosukwa, chuma huwa hereni. Nyingine ni za udongo wa kufinyanga. Ziko zinazompita mtu kwa kimo. Ukisimama mbele yake unatazama juu, kama unavyomtazama mtu wa heshima.

Jambo la pili ni majina. Watu wa Mara hatuhitaji kufundishwa maana ya ukoo na mnyama wake wa mwiko. Buganda nako ni hivyo hivyo. Babirye huzipa sanamu zake majina ya koo za Buganda, kama Ngabi, ukoo wa mbawala, lakini mbele yake huweka neno kuchu, ambalo mashoga na wasagaji wa Uganda hujiita wenyewe. Anachosema ni hiki: aliyefukuzwa nyumbani bado ana ukoo. Na michoro yake mingine ya nyuso ameiita Kuchu Ndagamuntu. Ndagamuntu ni kitambulisho. Mtu aliyenyimwa utambulisho anachorewa wake.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa mimi na wenzangu wa kalamu na kipaza sauti. Mwaka 2015 Babirye aliondoka Uganda akaenda Marekani, baada ya gazeti kumwanika. Mwaka 2018 alipewa hifadhi huko. Hakuwa wa kwanza. Mwaka 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha picha na majina ya watu likiwaita mashoga, na kutaka wanyongwe. Mmoja wao, David Kato, alikwenda mahakamani na wenzake, wakashinda kesi. Januari 2011 alishambuliwa nyumbani kwake, akauawa.

Nami sina mikono safi. Miaka mingi iliyopita nilisoma hewani barua ya msikilizaji iliyomdhihaki kijana mmoja wa Musoma, fundi wa kusuka nywele. Jina sikulitaja, lakini mtaa niliutaja, na kila mtu akamjua. Studioni tulicheka. Baada ya majuma mawili kibanda chake kilikuwa kimefungwa, na sikumwona tena. Diploma yangu ya uandishi ilikuwa ukutani siku ile, wala haikunizuia.

Najua wako watakaoniuliza kuhusu sheria. Sheria ipo. Uganda ilipitisha sheria kali mwaka 2023, yenye hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Hapa kwetu kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinafika kifungo cha maisha. Wako pia watakaoniletea mafundisho ya dini zao, nami nawaheshimu. Lakini sijaona sheria wala dini inayomwagiza mwandishi amfanye jirani yake takataka.

Mwaka 2024 sanamu za Babirye zilisimama Venice, Italia, katika maonyesho makubwa ya sanaa ambayo nchi nyingi duniani hushiriki. Watu walitazama minyororo ya baiskeli na magogo yaliyoungua, wakaona uzuri. Aliyeitwa ganda amewafanya wageni watazame juu.

Pale Butiama mtoto alipokuja na ufagio, nilimwomba aniachie ganda moja. Shangazi alidhani nimechanganyikiwa. Liko mezani kwangu studioni, karibu na kipaza sauti, ili nilione kabla sijafungua barua zenu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.