Sifa Tupu Si Habari

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ningependa iwekwe mbele ya kila anayeandika kuhusu makundi ya muziki katika Wikipedia. Kamusi elezo hiyo ilianzishwa mwaka 2001, na toleo lake la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Huandikwa na yeyote apendaye, na aghalabu apendaye kuandika kuhusu kundi fulani ni shabiki wake.

Shabiki ana lugha yake. Huenda akaandika, kwa mfano: "Kundi hili lisilo na kifani liliwateka watu kote ulimwenguni." Mimi, ninayefundisha isimu, sioni kosa la kisarufi hapo, lakini habari sioni pia. Hapana mwaka, wimbo wala mtunzi. Sentensi kama hiyo haithibitishiki wala haikanushiki. Kisha kuna "inasemekana", neno linalomficha msemaji, na "hivi karibuni", lisilomwambia kitu msomaji wa miaka kumi ijayo.

Linganisha na haya: wimbo "Jambo Bwana" ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison, na kundi lake la Them Mushrooms la Kenya likautoa mwaka 1982. Mwaka 1983 Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani, likatoa toleo lake. Hapana sifa hata moja, lakini ukubwa wa wimbo umejidhihirisha wenyewe.

Wala hili si suala la mtindo tu. Wapo wanaodhani kwamba wimbo huo ni wa jadi, usio na mwenyewe. Makala ikiuita "wimbo maarufu wa pwani" na kuishia hapo, itakuwa imesema nusu ya ukweli na kumpokonya mtunzi jasho lake. Mwanafunzi atanakili, mwenzake atanakili kwake, na kosa litakuwa historia.

Yupo atakayesema kuwa makala isiyo na sifa hukauka. Sipingi sifa. Katika uhakiki wa gazetini tunamjua anayesifu, maana ametia jina lake. Katika kamusi elezo, sifa ikilazimu, na itajwe nani aliitoa, wapi na lini.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi makala moja ya aina hii, wafute kila neno la sifa, kisha wasome yaliyosalia. Hayo yaliyosalia, yawe machache namna gani, ndiyo wanayoweza kuyahakiki.