Mbele ya kuvunja depo ya zamani, tupime kwanza maji



Kooperative nyingi za Kivu ya Kusini ziko na depo ya zamani: ukuta wa matofali ya udongo, manjanja yenye kutoboka, na uwanja wa udongo mbele ya mlango. Siku feza inapopatikana, wote tunafurahi. Tutavunja ya zamani, tutajenga kubwa, tutamwaga simenti uwanjani ili kuanika mpunga na mahindi. Ni kazi nzuri. Lakini kuna swali ambalo mara nyingi linasahauliwa mkutanoni: maji ya mvua yenye ilikuwa inaingia katika udongo wa uwanja ule, sasa itapita wapi, na itabeba nini?

Huku kwetu swali hili si la mchezo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake ndani ya Uvira. Watu walikufa na nyumba nyingi zilianguka. Tarehe 4 Mei 2023, katika teritware ya Kalehe, maji na mawe viliangukia Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Misiba ile haikutoka kwa depo. Lakini ilituonyesha kwamba maji yakikosa njia, yanajitafutia yenyewe. Depo yenye kujengwa vibaya inaleta jambo lile kwa udogo, kila msimu, katika shamba la jirani.

Hesabu ya bidoni

Mvua ya milimetre 1 juu ya metre kare 1 inatoa litre 1 ya maji. Tuseme depo ya zamani ilikuwa na metre 10 kwa 6, ni kusema metre kare 60. Mvua kubwa ya milimetre 50 inateremsha juu yake litre 3.000, ndiyo bidoni 150 za litre 20.

Depo mpya iko na metre 20 kwa 10. Mvua ile ile inatoa litre 10.000, bidoni 500. Ongeza uwanja wa simenti wa metre 20 kwa 15: litre 15.000, bidoni 750. Jumla ni bidoni 1.250. Zamani udongo wa uwanja ulikuwa unakunywa sehemu ya maji hayo. Simenti hainywi. Kama mvua imenyesha saa moja, karibu bidoni zote zinashuka ndani ya saa ile moja.

Ni nani anakaa chini? Hapa ndipo shida iko. Depo ni ya sisi wote na faida tunagawanya wote, lakini maji inaingia kwa mtu mmoja. Akipoteza maharagi yake, fungu lake la faida haliwezi kuyarudisha.

Namna ya kupima njia ya maji

Kazi hii haiombi enjenieri kila siku. Wanamemba wanne wanaweza kuianza:

1. Tembeeni kiwanjani wakati mvua inanyesha. Wekeni vijiti fasi maji inapita na fasi inasimama.
2. Waulizeni wazee na wamama wenye mashamba ya chini: maji ilifika wapi mwaka ule mbaya? Tafuteni alama ukutani na kwenye miti, kisha mpime urefu kwa metre.
3. Pimeni mteremko kwa mpira mwembamba wenye kuonyesha maji ndani, ule mafundi wa nyumba wanaotumia. Unaonyesha fasi gani iko chini kweli, hata kama macho yanadanganya.
4. Chimbeni shimo la santimetre 30, mlijaze maji, yakiisha mjaze tena na kuangalia saa. Kama maji ya pili yangali ndani kesho yake, udongo ule haunywi; shimo la kupoteza maji litafutiwe fasi ingine.
5. Wekeni kopo lenye kuta za kunyooka fasi ya wazi. Kila asubuhi pimeni mvua kwa rula, mwandike katika kaye.

Namna ya kupima usafi wa maji

Ujenzi unachafua maji kwa njia nyingi: udongo wenye kuchimbwa, maji ya kuoshea vyombo vya simenti (ni makali, yanaua samaki), mazutu na rangi. Depo ya zamani nayo inaweza kuficha dawa za shamba zilizomwagika chini. Kama paa ni la eterniti, msilipasue wala kulikata kwa msumeno, kwani vumbi la amianti linaharibu mapafu. Ombeni kwanza shauri la fundi mwenye kujua.

Chagueni fasi mbili kwenye kijito: moja juu ya kiwanja, moja chini yake. Siku moja, saa moja, jazeni chupa mbili za kuonyesha, mwandike tarehe, mziache zitulie usiku kucha. Asubuhi pimeni matope kwa rula. Mfanye hivyo kila juma, kuanzia majuma machache mbele ya kazi hadi kazi iishe.

Lakini maji meupe si lazima yawe safi. Kipindupindu, ugonjwa tunaoufahamu vizuri kando ya Tanganyika, hauonekani ndani ya chupa. Kwa kisima chenye watu wanakunywa, ombeni eneo la afya lisaidie kupima mikrobe. Choo kipya kiwe mbali na kisima metre 30 kwa uchache.

Sababu gani mbele?

Sababu nyuma ya ujenzi hakuna mtu ataweza kuhakikisha. Mwenye shamba atasema depo imemwaribia, komite itasema ni mvua ya Mungu. Kaye na chupa za mbele zinamlinda mwenye shamba, zinalinda komite vilevile. Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 nayo inaomba uchunguzi ufanyike mbele ya kazi zenye kuweza kuharibu mazingira. Ulizeni servisi ya mazingira ya teritware kama depo yenu inahusika.

Kisha matokeo yaingie ndani ya devi: mifereji ya paa na tangi (tangi la litre 5.000 linashika nusu ya maji ya paa letu la mfano), kipande cha uwanja kibaki bila simenti, kanivo yenye kufika mtaroni na si shambani, majani yenye kushika udongo, shimo la kuoshea vyombo vya simenti mbali na kijito. Kitu chenye hakiko ndani ya devi hakitajengwa.

Siku ya mkutano mkuu, mbele ya kuinua mikono, mpeni neno la kwanza yule mwanamemba mwenye shamba la chini.